Chuo Kikuu cha Garissa Kifundishe Uraia, Si Uandishi wa Maombi ya Fedha

Yapo maneno ambayo hutumiwa mno hata yakapoteza ladha. Tangu Kenya irejee katika mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991, mojawapo ya maneno hayo ni "asasi za kiraia". Huandikwa kwenye vibao vya ofisi, hubandikwa kwenye milango ya magari, na hutamkwa katika kila warsha, kuanzia Nairobi hadi Garissa, Dadaab na Mandera. Lakini mwulize mfugaji anayenywesha ngamia wake kisimani asasi ya kiraia ni kitu gani, naye huenda akakuonyesha kwa kidole gari jeupe linalopita na kutimua vumbi. Kwake yeye, asasi ni gari. Gari lina mwenyewe. Na mwenyewe hayuko Garissa.

Hoja ya makala haya ni moja, ndugu msomaji. Chuo Kikuu cha Garissa, ambacho ndicho chuo kikuu cha kwanza cha umma katika Kaskazini Mashariki, kina wajibu wa kuwafundisha vijana wetu habari za mashirika yasiyo ya kiserikali na asasi za kiraia. Hata hivyo, somo hilo lisiwe ufundi wa kuomba fedha na kuandika ripoti za kumridhisha mfadhili. Liwe ni elimu ya uraia: ya kujua jinsi wananchi wa eneo hili walivyonyimwa uhuru wa kukutana, jinsi walivyokutana hata hivyo, na jinsi wanavyoweza kuihoji Serikali pamoja na shirika linalodai kuwasaidia. Somo la aina ya kwanza huzaa makarani. La aina ya pili huzaa raia.

MWAKA MMOJA, UKOMBOZI WA AINA MBILI

Kwa mkazi wa Nairobi au Nyeri, mwaka 1991 ni mwaka wa kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, kile kilichokuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini. Kwa mkazi wa Garissa, Wajir na Mandera, mwaka huo una maana ya ziada. Mwishoni mwa mwaka huo huo ndipo zilipofutwa sheria za hali ya hatari ambazo mizizi yake ilianza Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru. Wakenya wengine waliishi miaka mingi bila vyama vingi vya siasa; watu wa Kaskazini waliishi karibu miaka 28 bila hata ulinzi wa kawaida wa sheria.

Wala jambo hilo halikuanza na uhuru. Mkoloni alikwisha kuifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria yake ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu iliwapa maofisa mamlaka ya kuwazuia watu kusafiri na kuyahesabu makabila mazima kuwa adui. Serikali ya Kenya huru ilipokea urithi huo badala ya kuutupa. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 nao ukaelekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyoaminiwa kuwa yangezaa matunda haraka, na nchi kame ya wafugaji ikaachwa nyuma. Ndiyo sababu wapo wazee ambao wakivuka daraja la mto Tana kuelekea Nairobi husema wanakwenda "Kenya".

Katika hali hiyo, kukusanyika kulikuwa hatari. Mwezi wa Februari 1984 maelfu ya wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari katika uwanja mdogo wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Kwa miaka mingi Serikali ilitaja idadi ya waliokufa kuwa 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya Mei 2013, ilitaja karibu watu elfu moja. Na mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali, peke yao kati ya jamii zote za nchi hii, walipangwa foleni na kukaguliwa ili wathibitishe kuwa ni raia, wakapewa kadi za kuonyesha kwamba wamepita ukaguzi.

Katika giza hilo, nani alisema? Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi, alisimama Bungeni mwaka 1984 na kuyataja mauaji hayo wakati ambapo wengi walinyamaza. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyewatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, aliwahudumia majeruhi na kusaidia kuzifikisha habari nje ya nchi. Malipo yake yakawa kufukuzwa Kenya. Mwaka 2007 S. Abdi Sheikh alichapisha kitabu kizima kuhusu Wagalla. Hawa hawakuwa na mpango wa miaka mitano wala jedwali la matokeo yanayotarajiwa. Lakini mwanafunzi anayetaka kujua asasi ya kiraia ni nini angefanya vyema kuanza nao.

FUNZO KUTOKA ULAYA MASHARIKI

Wanamageuzi wa Kenya wa miaka ya 1990 walizoea kutazama Ulaya Mashariki. Tarehe 1 Januari 1990 Kasisi Timothy Njoya, katika mahubiri yake ya mwaka mpya, alizilinganisha tawala za chama kimoja za Afrika na zile zilizokuwa zikianguka huko Ulaya. Alilaaniwa vikali na wakuu wa KANU, lakini mbegu ilikwisha kupandwa. Mwezi wa Mei mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia wakadai vyama vingi hadharani, na tarehe 7 Julai, Saba Saba, watu wakamiminika Kamukunji. Ni haki basi kwamba tuliowatazama wenzetu walipokuwa wakivunja minyororo tuwatazame pia tuone yaliyowapata baada ya minyororo kukatika.

Huko Poland, chini ya ukomunisti, wasomi waliokatazwa kufundisha ukweli walianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 kile kilichoitwa Chuo Kikuu Kinachoruka. Hakikuwa na majengo. Mihadhara ilitolewa katika nyumba za watu, ikihama kutoka sebule hii hadi ile ili kuwakwepa polisi. Huko ndiko vijana walikosomeshwa historia ambayo vitabu vya Serikali viliificha. Mwaka 1980 chama cha wafanyakazi cha Solidarność kilizaliwa, kikapata wanachama mamilioni. Mwaka 1981 kikapigwa marufuku ya kijeshi. Mwaka 1989 kikaketi na watawala kwenye meza ya duara na kushinda uchaguzi. Hiyo ilikuwa asasi ya kiraia yenye miguu, maana wenyewe walikuwa wengi na walijua kwa nini wamo.

Baada ya 1989 mambo yaligeuka. Wafadhili wa Magharibi walimiminika Warsaw, Prague, Budapest na hata Moscow. Mashirika yakasajiliwa kwa maelfu, ofisi zikafunguliwa, na vyuo vikuu vikaanza kufundisha usimamizi wa mashirika yasiyotafuta faida. Idadi ya mashirika ikawa kipimo cha afya ya demokrasia. Lakini mtaalamu wa siasa Marc Morjé Howard, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2003 kuhusu udhaifu wa asasi za kiraia katika nchi hizo, alionyesha kwamba wananchi wa kawaida walijiunga na vyama kwa uchache kuliko wenzao wa nchi nyingine. Alitoa sababu tatu. Kwanza, watu walikuwa wamelazimishwa mno kujiunga na vyama vya Serikali hata wakachukia kila chama. Pili, walizoea kutegemeana na jamaa na marafiki wa karibu, na hawakuona haja ya kitu kingine. Tatu, walivunjika moyo matumaini ya 1989 yalipokosa kutimia.

Msomaji wa Garissa hana haja ya kwenda Warsaw ili azielewe sababu hizo. Je, hatukuwa na wakati ambapo kadi ya KANU ilidaiwa hata sokoni na kwenye vituo vya magari? Je, Maendeleo ya Wanawake haikuunganishwa na KANU mwaka 1987, kikundi cha akina mama kikawa tawi la chama tawala? Je, baraza la chifu halikuwa mkutano wa kusikiliza amri na kupiga makofi? Mtu aliyelazimishwa kukusanyika, na mtu aliyekatazwa kukusanyika, wote wawili hujifunza jambo moja: kwamba mkutano si mali yao. Na hapo ukoo, ambao una heshima na kazi yake, hubebeshwa mzigo wa kila kitu, kuanzia matibabu hadi kura.

Kisha yakaja majaribu ya siku za karibuni. Urusi ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuyaita mashirika yanayopokea fedha za nje "mawakala wa kigeni". Hungary ilipitisha sheria mbili mwaka 2017: moja ya kuyabana mashirika yanayofadhiliwa kutoka nje, ambayo mahakama ya Umoja wa Ulaya iliikataa mwaka 2020, na nyingine iliyokilenga Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichoanzishwa mwaka 1991 ili kusomesha kizazi kipya cha jamii huru. Makumi ya maelfu ya watu waliandamana Budapest kukitetea chuo hicho. Hata hivyo, kufikia mwaka 2019 kilikuwa kimelazimika kuhamishia mafunzo yake Vienna. Tunajifunza nini? Kwamba hoja ya "fedha za kigeni" ni panga ambalo mtawala huliokota kwa urahisi, na kwamba ngao iliyo imara ni ule umma mpana, wa mjini na wa kijijini, unaosema: hiki ni chetu.

PANGA HILO HILO HAPA KENYA

Wala tusidhani kwamba panga hilo liko mbali. Sheria ya mwaka 1990 ya uratibu wa mashirika yasiyo ya kiserikali ilitungwa wakati wa chama kimoja, na nia yake ya kuyatia mashirika hatamu haikufichika. Sheria mpya na bora zaidi, ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ilitiwa sahihi Januari 2013. Kabla haijaanza kutumika, mwishoni mwa mwaka huo huo uliletwa Bungeni mswada uliotaka fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya mapato ya shirika. Wabunge waliukataa. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2016 kwamba sheria ile mpya ianze kutumika, lakini ilikaa kabatini hadi tarehe 14 Mei 2024. Miaka 11 sheria iliyokwisha kupitishwa na kutiwa sahihi ilizuiwa isifanye kazi, na Wakenya wengi hawakujua hata kwamba ipo.

Kaskazini Mashariki ililionja panga hilo kwa uchungu zaidi. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walikivamia chuo cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku tano baadaye Serikali ilichapisha katika Gazeti Rasmi orodha ya watu na taasisi zilizodaiwa kuhusiana na ugaidi. Ndani ya orodha hiyo mlikuwamo mashirika mawili ya kutetea haki za binadamu ya Pwani, Haki Africa na MUHURI. Hawala 13, ambazo ndizo benki za maskini na za jamaa walio ughaibuni, zilifungwa kwa muda. Mwaka huo huo Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuyahusisha mashirika hayo mawili na ugaidi, na ikaamuru akaunti zao zifunguliwe.

Tuliwalilia watoto wetu wa Garissa, na machozi hayo hayajakauka. Lakini kuwalilia watoto ni jambo moja, na kuyanyamazisha mashirika ya haki kwa jina la watoto hao ni jambo lingine. Kijana aliyesoma Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 kuhusu uhuru wa kujieleza na uhuru wa kitaaluma, ya 35 kuhusu haki ya kupata habari, ya 36 kuhusu uhuru wa kujumuika na ya 37 kuhusu haki ya kukusanyika na kuandamana, angeweza kuitambua tofauti hiyo na kuwaelewesha wenzake. Yule aliyesomeshwa tu namna ya kujaza fomu za wafadhili angesubiri maagizo.

HAZINA ILIYO MLANGONI PETU

Wapo watakaosema kwamba dhana ya asasi za kiraia ni ya wageni, iliyoletwa kwa ndege. Hiyo si kweli, na ushahidi uko Wajir.

Kati ya mwaka 1991 na 1993, wakati wa ukame na kuporomoka kwa dola ya Somalia, koo za Wajir zilipigana vibaya. Watu waliuawa, mifugo ikaporwa, na hata sokoni mwanamke wa ukoo mmoja alikuwa hawezi kumuuzia wa ukoo mwingine. Wanawake wachache, miongoni mwao mwalimu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia hapo hapo sokoni: kila mwanamke, wa ukoo wowote, aweze kuuza na kununua bila kudhuriwa. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa vijana, kwa wafanyabiashara na kwa maofisa wa Serikali. Mwezi wa Septemba 1993 wazee walifikia Azimio la Al-Fatah, wakakubaliana kanuni za kurejesha amani, za fidia na za kurudisha mali iliyoporwa. Mwaka 1995 juhudi zote hizo zikaunganishwa katika Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano huo ukaigwa katika wilaya nyingine. Baada ya umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya nzima ilielekezwa kuunda kamati za amani za wilaya. Kusini ikajifunza kutoka Kaskazini. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki Julai 2011 kutokana na ajali ya barabarani.

Fikiri, ndugu msomaji: hapo pana somo zima la chuo kikuu. Sheria ya kimila ya Wasomali, iitwayo xeer, ilikutana vipi na sheria ya Serikali? Fidia ya kimila ikimlinda muuaji asifikishwe mahakamani, haki ya mjane iko wapi? Kwa nini wanawake walioanzisha amani walilazimika kupitia kwa wazee wanaume ili isikike? Kamati iliyozaliwa na wananchi ikianza kupokea posho, hubaki ya wananchi au hugeuka ya mtoa posho? Maswali hayo hayatajibiwa na kitabu cha usimamizi wa miradi kilichoandikwa kwa ajili ya mji mwingine.

Na Wajir si peke yake. Mjini Garissa penyewe, Young Muslim Association ilianza kuwalea watoto yatima mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sadaka na zaka, kabla ya neno "ufadhili" kuzoeleka. Wakfu, harambee, kamati za visima, vikundi vya akina mama wauza maziwa, mchango wa ukoo wa kumpeleka mgonjwa Nairobi: hizi zote ni asasi. Zina wanachama, zina kanuni, zina hesabu, na zina maovu yao pia, ikiwamo kumpendelea mtu wa ukoo na kumsahau asiye na ukoo. Zastahili kusomwa kwa jicho lile lile kali ambalo shirika la kimataifa husomwa nalo.

Tunayo pia Dadaab. Tangu 1991 kambi zile zimekuwa na mashirika mengi kuliko pengine mahali popote Kenya, na kwa wakati mmoja, karibu mwaka 2011, zilihifadhi watu wapatao nusu milioni. Tangu mwaka 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilishirikiana kuwasomesha wakimbizi na wenyeji huko huko. Na Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba itazifunga kambi hizo, Kituo cha Sheria na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu zilikwenda mahakamani. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo. Mwanafunzi wa Garissa aweza kusoma hukumu hiyo asubuhi, na alasiri akazungumza na watu walioguswa nayo. Ni wanafunzi wangapi duniani wenye bahati hiyo?

TUNADAI NINI?

Chuo cha Garissa kilianza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, kikafungwa baada ya mauaji, kikafunguliwa tena Januari 2016, na kikapewa hati ya kujitegemea Oktoba 2017. Kukifungua tena kulikuwa tendo la kiraia lenye uzito: wazazi waliwarudisha watoto, na wahadhiri walirudi darasani. Waliokishambulia walitaka kijana wa Garissa na kijana wa Kitui wasiketi dawati moja. Jibu la kudumu ni kuwafundisha vijana hao jinsi watu wasiofanana wanavyoweza kuunda jambo moja la pamoja. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila mwanafunzi, awe wa ualimu, wa biashara au wa sayansi, apitie somo fupi la historia ya sheria na uhuru wa kujumuika katika Kaskazini, kuanzia amri za mkoloni hadi Katiba ya 2010 na sheria iliyoanza kutumika 2024.

Pili, chuo kiweke hifadhi ya kumbukumbu. Kumbukumbu za mikutano ya kamati za amani, barua za vikundi vya akina mama, na simulizi za manusura wa Wagalla zikusanywe kabla wenyewe hawajatutoka, kwa Kisomali, Kiborana, Kiorma na Kiswahili, na kwa idhini yao. Mzee akifa bila kuulizwa, tumepoteza kitabu ambacho hakikuwa na nakala.

Tatu, mwanafunzi anayejifunza kazi asipelekwe tu katika ofisi zenye viyoyozi. Akae na kamati ya kisima, ajifunze kusoma bajeti ya kaunti, ahudhurie vikao vya umma ambavyo Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuviwezesha, na atumie sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari ili kuuliza fedha za zahanati zilikwenda wapi.

Nne, shirika lolote linalofanya kazi katika kaunti hizi tatu likubali kuja mbele ya darasa na kuulizwa: mlipewa kiasi gani, mlitumia kiasi gani kwa magari na mishahara, na nani hapa Garissa ana uwezo wa kuwaambia "hapana"? Shirika linaloidai Serikali uwazi halipaswi kuuogopa uwazi.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Tutaambiwa kwamba vijana wanahitaji kazi, na kwamba mashirika ndiyo waajiri wakubwa wa eneo hili. Ni kweli, wala hatudharau riziki ya mtu. Afundishwe kijana kutunza hesabu, kuandika ombi la ufadhili na kusimamia mradi; mkono mtupu haulambwi. Lakini ufundi huo uje juu ya msingi, usiwe badala ya msingi. Mfadhili hubadilisha nia yake, mradi hufika mwisho wake, na gari jeupe hugeuza na kurudi Nairobi. Kinachobaki ni watu na uwezo wao wa kukutana.

Tutaambiwa pia kwamba mambo haya ni nyeti, na kwamba mahali penye tishio la usalama si mahali pa kuzungumzia Wagalla na hali ya hatari. Tunajibu kwamba kimya kilijaribiwa kwa karibu miaka 28 na hakikuleta usalama. Kijana asiyepewa historia yake na mwalimu ataipata kutoka kwa mwingine, tena ikiwa imetiwa sumu. Ni salama zaidi aisikie darasani, penye ushahidi, maswali na mwenzake wa jamii nyingine akiwa ameketi kando yake.

Na wapo watakaosema kwamba chuo kikuu si mahali pa siasa. Willy Mutunga alikuwa mhadhiri wa sheria alipowekwa kizuizini mwaka 1982. Baadaye aliandika historia ya asasi za kiraia katika kudai Katiba mpya, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu. Waliomfunga walijua jambo ambalo baadhi ya wakuu wa vyuo wamelisahau: kwamba darasa ambamo raia hujifunza kuuliza ni mahali pa maana mno. Huko Poland walifundisha sebuleni kwa sababu kumbi zilifungwa. Hapa Garissa kumbi ziko wazi, na zimelipiwa kwa damu. Itakuwa aibu kubwa tukizitumia kufundisha unyenyekevu.

Wahadhiri, wanafunzi, wazee, akina mama wa masoko ya Garissa, Wajir na Mandera, na wawakilishi wa wadi mnaopitisha bajeti: jambo hili ni lenu. Ulizeni senati ya chuo ina mpango gani. Andikeni barua. Hudhurieni vikao. Msingoje mfadhili aje kuwaeleza ninyi ni nani, kwa maana mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa namna hiyo huwa haupigiwi pingu; husainiwa kwa hiari, ukurasa baada ya ukurasa.